Kona ya Fundi: Kompyuta ya mtumba yenye Windows ya zamani, ninunue au niache?

Dada Fundi, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Pasua, Moshi, karibu na shule. Nachapa barua, natoa kopi, na msimu ukifika najazia watoto fomu za mkopo wa chuo na maombi ya kazi. Kompyuta yangu imekufa. Nimezunguka mjini nikapata mbili za mtumba. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, Core i5, ramu GB 4, hadidiski ya GB 500, ina Windows 7, anataka 280,000. Ya pili ni HP EliteDesk 800 G3, Core i5 pia, ramu GB 8, SSD (diski ya kisasa ya kasi) ya GB 256, Windows 10, anataka 430,000. Muuzaji ananiambia ile ya Windows 7 ndiyo orijino na nyepesi, na kwamba zote ni i5 kwa hiyo ni mamoja. Mimi mwenyewe Windows 7 ndiyo niliyojifunzia, na printa yangu imeizoea. Kijana wangu amekataa kabisa, anasema nitapigwa. Nina 450,000 tu na sitaki kukopa tena kwenye kikoba. Ninunue ipi?
*Mwenye steshenari, Pasua, Moshi*

Dada yangu wa Pasua, pole sana. Steshenari bila kompyuta ni duka la kuuzia peni na madaftari, najua hilo. Kijana wako yuko sahihi, ila nataka ujue sababu, ili ukirudi pale dukani uongee na muuzaji ukiwa na la kumwambia.

Nianze na hilo la "zote ni i5", maana ndilo linalowaumiza watu wengi ninaowapokea hapa Mbuyuni. i5 ni jina la ukoo wa prosesa, ubongo wa kompyuta. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazokuambia mtoto kazaliwa lini. OptiPlex 7010 ni mashine ya mwaka 2012, na nyingi utakuta zina i5-3470; ile 3 ya mbele maana yake kizazi cha tatu. EliteDesk 800 G3 ilitoka 2017, ndani yake huwa na i5-6500 au i5-7500, kizazi cha sita au cha saba. Stika iliyobandikwa usoni usiiamini, stika hubanduliwa ikabandikwa kwingine. Mashine ikiwa imewaka, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile cha Pause kilichoko juu kulia kwenye kibodi. Utafunguka ukurasa wenye jina kamili la prosesa, kiasi cha ramu, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Ziandike hizo namba kwenye karatasi hapo hapo dukani, hata kama mangi anakuambia unamchelewesha.

Sasa hiyo Windows 7. Muuzaji hakukudanganya aliposema ni nyepesi. Mimi mwenyewe niliipenda. Tangu itoke Oktoba 2009 nimeipiga kwenye mashine nisizoweza kuzihesabu, kuanzia Majengo mpaka Himo, na ilinilipia kodi ya karakana. Hata uorijino wake unaweza kuwa wa kweli: tazama juu au ubavuni mwa sipiyu, kama kuna stika ya Windows 7 Professional yenye namba ya herufi na tarakimu 25, mashine hiyo ilizaliwa nayo. Lakini tarehe 14 Januari 2020 Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama. Haikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana watu wanaona ni maneno tu. Kilichotokea ni kwamba tangu siku ile kila ufa unaogunduliwa ndani yake unabaki wazi, na wanaozitafuta nyufa hizo hawakustaafu. Mwaka 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fedha. Hospitali za umma za Uingereza zilifika mahali pa kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa Machi, kirusi kikaja Mei. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Wewe ukinunua Windows 7 leo, viraka vya kuweka havipo tena.

Ningekuwa naongea na mtu anayechapa barua zake mwenyewe chumbani, nisingekaza sauti hivi. Steshenari ni kitu kingine. Hebu jitazame siku moja ya kazi. Saa mbili asubuhi anaingia mwanafunzi na flashi aliyoichomeka kwenye kompyuta sita za watu wengine. Umeshaona flashi ambayo mafaili yote yamegeuka kuwa vishale vya njia za mkato, mtu analia kwamba ripoti ya fildi imepotea? Hicho ni kirusi, na kimetoka kwenye steshenari kama yako kwenda steshenari nyingine. Saa nne anakuja mzazi na kijana wa kidato cha sita, anakupa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani, na nywila ya akaunti ya Bodi ya Mikopo, anakuambia "mama, nijazie, mimi macho hayaoni." Vitu hivyo vinabaki ndani ya hadidiski yako. Mzazi yule hajui Windows ni nini. Amekuamini wewe. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa kuliko zote, na nakuomba uibebe.

Kuna la pili, la kibiashara. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Tovuti za serikali zinajengwa upya kila mara, na kivinjari kilichosimama 2023 kitakuja kukukwamisha: ukurasa haufunguki, kitufe cha kutuma hakibonyezeki, na foleni iko mlangoni siku ya mwisho ya maombi.

Basi ya pili ni salama? Ni afadhali sana, ila nayo nikueleze ilivyo. Windows 10 ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameweka mpango wa kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa mwenye kujiandikisha, na kujiandikisha kunafanyika ndani ya mashine yenyewe, sehemu ya masasisho. Baada ya hapo njia rasmi ni Windows 11, na hii ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. i5-6500 na i5-7500 zimeachwa nje. Wapo mafundi watakaokupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo, inawezekana na nimeona zikifanya kazi, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na tukifika hapo tumerudi kwenye tatizo lile lile tulilokuwa tunalikimbia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize muuzaji swali moja: "Una yenye kizazi cha nane?" Tafuta OptiPlex 3060 au 5060, au EliteDesk 800 G4, yenye i5-8400 au i5-8500. Zipo sokoni, zilitolewa maofisini baada ya miaka yao kuisha. Akiwa nayo na mkaelewana ndani ya 450,000 yako, hata ikiwa na ramu GB 4 tu, chukua hiyo. Ramu huongezwa baadaye ukishapata fedha, na SSD pia. Kizazi cha prosesa ndicho kitu usichoweza kukibadilisha bila kubadilisha madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, na ukishabadilisha madabodi umenunua kompyuta nyingine.

Akikosa, chukua EliteDesk yenye Windows 10, jiandikishe kwenye mpango ule siku hiyo hiyo, na anza kuweka kidogo kidogo. Au muda ukifika nitakupigia Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litapata masasisho mpaka 2029, ni la bure, na mashine ya kizazi cha sita inalibeba bila kustaki. Shida yake kwa kazi yako ni moja: mteja akileta faili la Word lenye majedwali na vichwa vya barua, LibreOffice, programu ya kuandikia ya humo, italifungua lakini mistari inaweza kuhama, na mteja anataka itoke kama alivyoiacha. Kwa fomu za mtandaoni na kuskani, halina tatizo.

OptiPlex ya 280,000 inaonekana rahisi mpaka upige hesabu. Ukiiwekea SSD na ramu ifike GB 8, na ukamlipa fundi kuipiga upya, ile tofauti ya 150,000 utakuwa umeila sehemu kubwa, na bado umebaki na bodi ya 2012.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, dukani kukiwa hakuna msongamano, na nenda na kijana wako. Mwambie muuzaji afungue mfuniko. Mashine hizi za ofisini hufunguka kwa kuvuta kilimi, hazihitaji bisibisi, kwa hiyo asikuambie ataharibu. Inama uangalie madabodi. Kuna vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama, ndizo kapasita. Vichwa vyao vinatakiwa viwe bapa kama sarafu. Kimoja kikiwa kimevimba kama andazi, au kina utando wa kahawia juu, funga mfuniko uage. Vumbi lenyewe lisikutishe, vumbi linapulizwa. Kinachonitisha ni mashine iliyosafishwa nje ikang'aa, halafu ndani feni imevaa sweta.

Hadidiski ndiyo inayokufa kwanza. Kijana wako apakue programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, aiweke kwenye flashi, mwende nayo. Ikifunguka itaonyesha hali ya diski kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni onyo, nyekundu ni maiti. Itaonyesha pia jumla ya saa ambazo diski imewashwa. Ofisi inayowasha saa kumi kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inatumia saa 2,500 kwa mwaka. Ukikuta 30,000, diski hiyo imefanya kazi ya ofisi ya miaka kumi na miwili, au imekesha mfululizo miaka mitatu na ushee. Vyovyote iwavyo mimi siweki kazi ya wateja juu yake. Njano usiinunue hata ukipunguziwa.

Halafu izime kabisa, iwashe, na kwenye Dell bonyeza F2 mara kwa mara, kwenye HP ni F10, ili uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikiomba nywila, ile ni nywila iliyoachwa na ofisi ya mwanzo ilikotoka. Muuzaji aitoe kabla hujalipa, kwa sababu ukishafika Pasua haitakuwa shida yake tena. Ukiingia humo utazame na saa: ikiwa inasema mwaka 2012, betri ya madabodi imekwisha. Betri hiyo ni ndogo, CR2032, ya bei ya chini, na ukiibadilisha inatosha. Lakini ukiiacha, tarehe itakuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika na tovuti zitakataa kufunguka zikidai cheti cha usalama si halali. Nimemwona mtu akiuza kompyuta nzima kwa sababu ya betri hiyo.

Na nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, angalia kama kuna swichi ndogo nyekundu. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii niliitwa shule moja ya huku kwetu kufunga kompyuta zilizoletwa na wahisani kutoka Marekani. Nilizipanga mezani, watoto wamejaa madirishani, mwalimu mkuu amesimama pembeni yangu. Nikachomeka ya kwanza, nikawasha. Ulitoka mlio kama wa risasi, kisha harufu ile ya moto wa plastiki ambayo haitoki puani. Watoto walikimbia. Nikadhani ni bahati mbaya, nikawasha ya pili. Ndipo nikaona swichi imeandikwa 115, kwa ajili ya umeme wa kwao, wakati soketi zetu zinatoa volti 230. Mashine mbili za watoto ziliungua mikononi mwangu. Nilizilipia paua saplai kwa mshahara wangu, lakini uso wa mwalimu yule bado ninao. Mashine za miaka ya karibuni nyingi hujirekebisha zenyewe, zimeandikwa 100-240V. Ukikuta swichi, hakikisha inasoma 230 kabla mtu yeyote hajagusa ukutani.

Kuhusu printa, usiache Windows iliyo salama kwa ajili yake. Ibebe. Ndiyo, ibebe kwenye bajaji uende nayo dukani, uichomeke kwenye ile EliteDesk na utoe kurasa mbili tatu. Printa nyingi za leza za zamani zinakubali Windows 10, na yako ikikataa utajua kabla ya kulipa. Beba na kioo chako: sipiyu hizi nyingi zina mlango wa DisplayPort na hazina HDMI, usije ukafika nyumbani waya hauingii.

Ukinunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, kompyuta na kioo tu ndivyo vikae humo. Printa ya leza ichomeke ukutani; inapopasha moto huvuta umeme kwa mkupuo na itakuulia UPS. Kwa LUKU usiogope: mashine ya aina hii pamoja na kioo bapa ukiwa unachapa haifiki wati 100, kwa hiyo siku ya saa kumi haivuki uniti moja. Zile Pentium 4 za vioo vya chogo ndizo zilizokuwa zinakula.

Dai risiti ya EFD, iandikwe modeli na namba ya mashine, na mwombe muuzaji aandike kwa mkono wake anakupa waranti ya muda gani.

Dada Fundi, salama? Niko Ngaramtoni, Arusha, kazi yangu ni kudarizi nembo kwenye sweta za shule. Mashine yangu ya darizi ni ya zamani, programu ya kuchorea nembo inakubali Windows XP tu, na ina kidude cha ufunguo kinachochomekwa kwenye ule mlango mpana wa printa za zamani. Kompyuta yake imeungua madabodi. Kila duka ninaloingia mjini nikitaja XP wananicheka, wananiambia ninunue mashine mpya ya darizi. Mashine yenyewe haina tatizo lolote. Nifanyeje?
*Fundi darizi, Ngaramtoni*

Kaka wa Ngaramtoni, usiuze mashine yako, na waliokucheka wamekukosea. Nimetoka kumkaripia dada wa Pasua kuhusu Windows 7, na wewe nakuambia nenda kanunue kompyuta ya XP, kwa moyo mweupe kabisa. Tofauti ni kwamba kompyuta yako haina wateja wala intaneti. Ni kiungo cha cherehani. Kazi yake ni kuipa sindano maelekezo, na kazi hiyo inaifanya leo sawasawa na ilivyoifanya 2005. XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, lakini mwizi hawezi kuingia kwenye nyumba isiyo na barabara.

Barabara hiyo basi usiifungue. Waya wa mtandao usichomekwe kamwe, na modemu ya USB isiguse mashine hiyo hata kwa dakika tano za "kuangalia kitu". Tenga flashi moja ya kubebea michoro ya nembo, ipake rangi ya kucha ili isichanganyike na nyingine, na kabla haijaingia kwenye XP ipitishe kwanza kwenye kompyuta yenye antivirasi hai.

Mashine ya kutafuta ni OptiPlex 755 au 780. Hazina soko siku hizi, utazikuta chini ya meza za mafundi zikiwa zimewekewa mizigo juu. Igeuze uangalie mgongo: unataka mlango wenye matundu 25, na ukiweza upate pia ule wa pini 9, maana mashine nyingi za darizi huongea kupitia huo. Usikubali kuuziwa waya wa kubadili USB kuwa mlango wa printa. Waya zile zimetengenezwa kwa ajili ya printa peke yake, na kidude chako cha ufunguo mara nyingi hakitatambuliwa. Utapoteza hela na wiki nzima. XP yenyewe iwe ya biti 32.

Fundi atakayekupigia XP anaweza kukwama mahali ambapo hata mimi nilipoteza usiku mzima mara ya kwanza: inaanza vizuri, kisha skrini ya buluu yenye namba inayoishia na 7B. Wengi hapo husema diski mbovu. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya BIOS, sehemu ya SATA, atoe AHCI aweke ATA au IDE, aanze upya. XP ilitoka 2001, haijui AHCI bila kufundishwa.

Ikishafanya kazi, na sweta ya kwanza ikatoka na nembo iliyonyooka, usisherehekee kwa kuanza oda. Siku hiyo hiyo nakili diski nzima kwenye diski ya pili, uifunge kwenye mfuko mkavu, uiweke nyumbani mbali na karakana. Ukipata OptiPlex ya pili ya aina ile ile kwa bei ya chuma chakavu, nunua uiweke kama spea. Shule zinafunguliwa Januari na wazazi wote wanataka sweta wiki moja, huo si wakati wa kutafuta madabodi. Na kile kidude cha ufunguo kisikae kimening'inia nyuma ambako mtoto anaweza kukigonga na mpira. Kompyuta ikifa utapata nyingine. Kidude kikivunjika, programu nayo imekwenda.

Binti yangu, mimi ni mzee mstaafu, naishi Kibosho. Nina makaratasi ya marehemu baba yangu, risiti zake za kahawa na barua, mengine ya enzi za KNPA, kile chama cha wakulima wa kahawa. Nataka kuandika habari za ukoo wetu kabla macho hayajaniacha. Jirani ananiuzia kompyuta ya mezani yenye Windows 7, ramu GB 2. Sina intaneti na siitaki. Mjukuu wangu anasema Windows hiyo ilifungwa na haifanyi kazi tena. Je, ni kweli?
*Mzee wa Kibosho*

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu amesikia nusu ya habari. Kilichoisha ni masasisho tu. Mashine itawaka, itaandika na itahifadhi kama zamani, na kwa kuwa hutaiunganisha popote, inakufaa. GB 2 zinatosha kwa kuandika.

Barua yako imenikaa moyoni. KNPA ilianzishwa 1925, chama cha ushirika cha KNCU kikaifuata 1933, na mimi nimekulia kwenye nyumba iliyosomesha watoto kwa kahawa, ila karatasi zetu babu alizichoma akidhani ni takataka. Kwa hiyo naomba hela yako uipeleke kwenye mambo mawili. Kwanza kioo. Hicho cha jirani kama ni kidogo, mwachie, utafute cha inchi 22 au zaidi, na maandishi uyakuze mpaka uyasome bila kuinama. Pili hadidiski, mwambie mjukuu aikague kwa namna niliyomweleza dada wa Pasua hapo juu.

Kwa kuandikia, mjukuu akuwekee LibreOffice ya toleo la nyuma linalokubali Windows 7, ni ya bure. Ni ndugu wa ile Jambo OpenOffice ya Kiswahili iliyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, labda uliwahi kuiona ofisini. Kila jioni ukimaliza, nakili kazi yako kwenye flashi mbili: moja ikae kwako, nyingine kwa mtoto wako aliye mbali na Kibosho. Na kila ukifikisha kurasa kumi zichapishe kwenye karatasi, hata kama ni kwa kumtuma kijana steshenari ya mjini.

Makaratasi yenyewe ya baba usiyatoboe wala kuyabandika kwa gundi. Yaweke bapa kwenye bahasha kavu, mbali na moshi wa jikoni, na uandike juu ya kila bahasha kwa penseli ni ya mwaka gani na ilihusu shamba lipi, maana hayo unayajua wewe peke yako.